Lori Lililokataa Gia

Mkwe akienda ukweni na gari, gari sharti ling'ae. Hilo kila mtu analijua kuanzia Isebania hadi Uriri, lakini Ryoba alipitiliza. Asubuhi ya kwenda kuuchukua mwili wa mama mkwe wake katika chumba cha maiti Homa Bay, alisimama kwa vijana wa kuosha magari, akafungua boneti, akaushika mpira wa maji yeye mwenyewe. Aliipiga injini maji na sabuni mpaka ikametameta. Nani alimwambia kwamba wafiwa wangekagua injini?

Lilikuwa lori kuukuu la jeshi la kigeni, la mwaka wa 1996, alilonunua mnadani Mombasa. Halikuwa na klachi. Gia zake ziliamriwa na kisanduku cha kompyuta chini ya dashibodi, na mafundi wa Migori walilikimbia. Ryoba, aliyewahi kuwa fundi jeshini, alikuwa na kifaa cha kusomea kompyuta hiyo, na alikining'iniza shingoni hata akienda kununua nyama. Mama Damaris, mama mkwe wake, alijivunia mambo hayo. Kabla ya kufa alisema mbele ya wote: "Mimi nitarudishwa Uriri na gari ya mkwe wangu."

Jeneza likiwa bado ndani ya chumba cha maiti na waombolezaji wamejaa uani, Ryoba aliwasha injini ili arudi nyuma hadi mlangoni. Injini ikaitika vizuri. Akabonyeza gia, lori halikusogea. Kwenye kidirisha cha namba ya gia kulikuwa na vistari tu. Akachomeka kifaa chake. Kikamwandikia kwamba hakuna mawasiliano.

Fundi mtulivu angeanza na umeme: je, moto unafika kwenye kisanduku? Waya wa athi, ule unaoshika bodi, umekaza? Kisha angezifuata zile nyaya mbili nyembamba zilizosokotwa pamoja, ambazo kompyuta hupitishia habari zake, plagi baada ya plagi. Ryoba alijua hayo yote, aliwahi kuyafundisha. Lakini wakwe walikuwa wanamtazama, na hakutaka kosa liwe lake. Akamwona shemeji yake Elkanah, kaka wa mkewe, fundi wa redio, ambaye ndiye aliyebaki ndani ya lori kulilinda Ryoba alipoingia kuulizia mwili. Miguuni pake palikuwa na mfuko, na waya ulikuwa ukichungulia.

"Shemeji, hiyo waya umetoa wapi?"

"Ni ya spika. Ya matanga."

"Ya spika, ama ya gari yangu?"

Filister, mkewe, akamshika mkono. "Baba Robi, wacha. Tafadhali."

Hakuacha. Aliunyakua mfuko, akaupindua mbele ya kila mtu.

Kwanza ulianguka waya, mpya, bado una karatasi ya dukani. Kisha gauni jeupe. Kisha, juu ya kiatu cha Ryoba, petikoti na nguo za ndani ambazo wanawake walikuwa wakizisubiri ili wamvike marehemu.

Huyu ndiye mkwe ambaye hakuwahi kula mbele ya Mama Damaris, ambaye akikutana naye njiani alikuwa akipisha na kuinamisha kichwa.

"Yaye!" alilia shangazi mmoja wa Filister, akavua leso yake na kuzifunika nguo zile. Hakuna aliyemtukana Ryoba. Afadhali wangemtukana. Elkanah alipiga magoti, akaziokota moja moja.

"Ungeniuliza tu," alisema. "Ningekufungulia."

Ryoba aliingia uvunguni mwa lori, na usidhani ni bidii. Alitafuta mahali pa kuficha uso. Kwa kuwa hakuthubutu kutoka, alifanya kazi kama inavyotakiwa. Moto ulifika. Athi ilikuwa imekaza. Alizifuata zile nyaya mbili hadi kwenye plagi kubwa kando ya injini, akaifungua, na maji yakamtiririkia kiganjani, bado yana harufu ya sabuni.

Alilala pale akiutazama mkono wake. Moyoni alitamani angekuta waya umekatwa. Alitamani kweli kaka wa mkewe awe mwizi, na kutamani huko kulimwaibisha kuliko hata petikoti.

Alipuliza plagi, akaifuta, akaiacha juani ikauke, akaifunga. Akapanda, akawasha; namba ikatokea kwenye kidirisha. Lori likasogea.

"Iko sawa!" aliita kabla hajageuka.

Wanaume walikuwa wanalifunga jeneza kwa kamba juu ya pikapu ya mchuuzi wa samaki. Filister alikuwa ameshaketi kando ya jeneza. Ryoba akamwendea Elkanah.

"Shemeji, ilikuwa maji. Ni mimi niliosha. Nisamehe."

"Nimesikia," alijibu Elkanah. Lakini hakuwaambia walishushe jeneza.

Basi Ryoba aliifuata pikapu, peke yake, kwa mwendo wake wa pole. Karibu na Rodi Kopany polisi waliipungia ipite, wakavua kofia. Lori wakalisimamisha.

"Umebeba nini?"

"Sijabeba kitu, afande. Nasindikiza mama mkwe."

"Yuko wapi?"

Ryoba akaonyesha pikapu kwa kidole. Polisi akachungulia nyuma ya lori, akaona sakafu tupu iliyofagiliwa, na matawi yaliyofungwa pembeni kwa heshima ya marehemu.

"Na hii gari yote? Ilikuwa imeharibika?"

"Ndiyo, afande."

"Na sasa?"

"Sasa iko sawa."