Mrija wa Shingoni mwa Profesa Isurugi

Kanae Habuka hakuwa mwoga wa wagonjwa. Miaka ishirini na miwili alikuwa muuguzi wa wagonjwa mahututi katika hospitali moja mjini Toyama, ameshatukanwa na kutemewa dawa, na kesho yake akarudi anacheka. Lakini maprofesa, lo, hao walimweza. Mtu akiitwa profesa tu, ulimi wa Kanae ulikuwa mzito.

Desturi ya wodi ile ni moja. Kila asubuhi muuguzi husimama mbele ya kitanda, akanyoosha kidole na kutaja kwa sauti kila anachokiona. "Oksijeni, sawa. Dripu, sawa." Akifika kwenye mrija ulioingizwa katika mshipa mkubwa wa shingo, huuliza: "Mrija wa shingo, bado unahitajika?" Kujibu ni kazi ya daktari. Ila Jumapili na Jumatatu alijibu mgonjwa mwenyewe.

"Unahitajika," alisema Profesa Isurugi, macho hayatoki kwenye daftari.

Daktari Todoroki, aliyewahi kusoma fizikia darasani kwa mzee huyo, aliinamisha kichwa na kuitikia, "Unahitajika."

Uongo mtupu. Mrija uliwekwa baada ya upasuaji wa utumbo, kwa ajili ya dawa za kupandisha presha, na dawa hizo ziliisha Jumamosi. Iliyobaki ni antibayotiki, ambayo ingepita vizuri tu kwenye sindano ya mkononi. Shida ilikuwa mkono wenyewe. Mishipa ya kushoto ilishachoka kudungwa, na mkono wa kulia ndio ulioandika hesabu za nyutrino.

Nyutrino, Profesa alimweleza siku ya kwanza, ni chembe ndogo ajabu. Matrilioni yake hupita mwilini mwako kila sekunde, na hazigusi kitu. "Wageni waungwana hao," alisema. "Wanapita zao, hata chai hawaombi."

Kanae alicheka, maana mzee alijua kuchekesha. Lakini yeye aliwajua wageni wasio waungwana: vijidudu vinavyotambaa kutoka kwenye ngozi, vikafuata mrija hadi kwenye damu. Miaka sita nyuma aliosha maiti ya mwalimu wa ushonaji aliyeuawa na vijidudu hivyo, na mrija wake nao kila asubuhi ulikuwa "unahitajika". Jambo hilo lilimuuma mpaka leo.

Jumanne asubuhi Profesa alikuwa na homa, nyuzi thelathini na nane nukta nne.

"Ni huu uji wenu wa moto," alisema.

Kanae alinyoosha kidole. "Mrija wa shingo."

Daktari alimtazama mzee, akingoja kuambiwa.

"Hauhitajiki," alisema Kanae.

Wodi nzima iligeuka. Muuguzi huuliza, hajijibu.

"Nani kakuuliza, bibie?" alisema Profesa.

"Hakuna, Profesa. Ndiyo maana najisemea."

"Zimebaki kurasa mbili. Nipe siku mbili tu."

"Vijidudu navyo vinataka siku mbili hizohizo, mzee wangu." Akamgeukia Todoroki. "Na wewe Daktari, kama unamwogopa yeye, basi niogope na mimi kidogo."

Daktari aliona haya, akaenda kunawa mikono. Walimlaza mzee kichwa kikiwa chini kuliko miguu, wakamwambia atoe pumzi ili hewa isiingie mshipani, mrija ukatoka. Ncha yake ilikatwa ikapelekwa maabara, pamoja na damu. Sindano ikaingia mkono wa kulia, ukafungwa plasta hadi vidoleni. Profesa aligeukia ukutani. Kanae alijiona mwizi.

Alhamisi majibu yalitoka. Ncha ya mrija ilijaa vijidudu, lakini damu ilikuwa safi. Homa nayo ilikuwa imeshuka.

"Tungechelewa kidogo tu..." alisema Todoroki, asimalizie.

Kanae alimkuta mzee anakunywa uji kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto, nusu yake imemwagikia kifuani. Akampa habari, kisha akasema, "Nisamehe kwa kazi yako. Ukitaka, wewe taja, mimi niandike. Sitaelewa kitu, lakini nina mwandiko mzuri."

Profesa alimwonyesha daftari kwa kidevu. "Haya, fungua daftari."

Akafungua. Mstari mmoja, umekatwa. Mstari uleule, umekatwa tena. Kurasa kumi na nne, mstari uleule.

"Hesabu hii iligoma kabla hata sijapasuliwa," alisema mzee. "Nilikuwa nakokotoa ili msinione nimelala tu kama mgonjwa."

"Ungekufa, Profesa. Kwa mstari mmoja?"

"Kwa aibu, bibie. Mstari hauna hatia."

Kanae alitaka kumgombeza, na maneno alikuwa nayo tele. Badala yake alimfuta kifua na kuvuta kiti.

Profesa aliutazama mkono wake uliofungwa, kisha akamsukumia kijiko. "Basi nilishe," alisema. "Nina njaa."