Sauti Moja, Matundu Manane

Shangazi alikuwa ndiyo kwanza amevua viatu, miguu imemvimba kwa foleni ya zahanati, alipobishiwa hodi. Mgeni alikuwa binti wa marehemu kaka yake, mwalimu wa jiografia, ameingia na mfuko wa madaftari begani, kompyuta kwapani na karatasi mkononi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Mimi nishakaa, sitainuka tena leo."

Mwalimu alitaka kurekodi masomo yake nyumbani ili wanafunzi wayasikilize kwenye simu, maana darasani walikuwa sabini, na koo lake kila ikifika Alhamisi linakuwa limekauka kau. Maiki alikuwa nayo. Kijisanduku cha kuiunganisha na kompyuta alikuwa nacho. Lakini muuza vyombo vya muziki alimwandikia orodha ya vitu, na juu kabisa akaandika: miksa, mtambo wa kuchanganya sauti nyingi.

"Kanambia bila miksa nitakuwa natwanga maji kwenye kinu. Wewe ndiye mjuzi. Ninunue, nisinunue?"

Shangazi alijua jibu. Miaka ishirini na saba alikuwa fundi mitambo wa kituo cha redio, mwanamke pekee nyuma ya kioo, hata watu wakamwita Bi Mitambo na jina lake la kuzaliwa likasahaulika. Mtu mmoja, maiki moja: kijisanduku kinatosha na kubaki. Lakini tangu astaafu hakuna aliyemuuliza chochote cha kazi yake. Siku hizi watu humuuliza presha imefika ngapi.

"Usinunue," akasema. "Yangu ipo."

Miksa ilikuwa chini ya kitanda, imeviringishwa kwenye shuka kuukuu: matundu manane ya kuchomekea maiki, vitufe safu kwa safu, rangi imebanduka pale vidole vyake vilipozoea kukaa. Kituo kilipobadilisha mitambo walimpa iwe zawadi ya kumuagia. Shangazi na mwalimu waliitoa kwa shida, mmoja anavuta, mmoja anasukuma, wakaipandisha mezani. Hapo ilikuwa saa nane mchana.

Saa kumi bado ilikuwa inavuma kama nyuki kwenye debe. Akabadilisha waya; ikavuma. Akahamia soketi nyingine, ikavuma. Akapangusa matundu kwa pamba yenye spiriti, akainama na kuinuka mpaka magoti yakaanza kumjibu. Kila mara alisema, "Hapa sasa," na kila mara mwalimu akaisogelea maiki, akasema, "Mto una sehemu tatu," kisha wote wawili wakausikia mto ukisombwa na mvumo.

Mwalimu akaanza kusinzia, kidevu kiganjani. Alipozinduka aliitazama ile miksa kwa macho mazito.

"Shangazi, mimi sauti yangu ni moja. Haya matundu mengine saba ni ya nani?"

"Hili la mtangazaji wa pili. Hili la mgeni. Hili la simu zinazoingia. Haya mawili ya muziki, na hili..."

Alikuwa anawapangia viti watu ambao hawakuwepo, na baadhi yao walishatangulia mbele ya haki.

Akaichomoa maiki, akaichomeka kwenye kijisanduku, na kijisanduku kwenye kompyuta. Kazi ya kumeza mate tu. "Haya, sema."

"Mto una sehemu tatu."

Ikatoka safi, kama mtu anayekusemesha sikioni.

Mwalimu aliiweka maiki chini polepole. "Ulijua?"

"Nilijua tangu uliponiuliza."

"Nina madaftari sabini ya kusahihisha, shangazi."

"Najua."

"Na Jumamosi yangu ni moja kwa wiki."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuuma Bi Mitambo. Mtu akikufokea angalau unapata pa kujitetea. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akasugua magoti.

"Nilitaka unihitaji kidogo," alisema. "Nisamehe, mwanangu."

Mwalimu aliinuka. Shangazi akadhani anaondoka, kumbe anaufuata mfuko. Akayagawa madaftari mafungu mawili, akamsukumia moja pamoja na kalamu nyekundu.

"Jibu la kwanza chanzo, la pili mkondo, la tatu mdomo. Ukiona kitu kingine, weka kosa."

Wakasahihisha bila maneno mengi. Kuna aliyeandika kwamba sehemu ya tatu ya mto ni daraja, na hapo tu walicheka, kicheko kifupi cha watu waliochoka. Daftari la mwisho lilipofungwa, shangazi akasema, "Chumba chako kina mwangwi. Usinunue kitu. Tundika blanketi dirishani, kabati la nguo liache wazi nyuma yako. Na maiki usiielekee mdomo wazi, igeuze upande kidogo, usije ukaipulizia."

Wiki iliyofuata miksa ilichukuliwa na kwaya ya mtaa wa pili, waimbaji saba na mpiga kinanda. Bi Mitambo aliwaambia kwamba inavuma. Wakasema hata wao huvuma.

Jumapili yake mwalimu alipiga simu.

"Shangazi, nimerekodi somo la kwanza."

"Umejisikiaje?"

"Nimechoka."

"Basi kapumzike. Lilete kesho nilisikilize. Leo hata mimi nimelala."

Na kweli alikuwa amelala, miguu juu ya mto wa kitanda, simu imelalia sikio.