Vita vya Kopo la Dirishani

"Ndugu wananchi wa Kilole! Leo, mwezi Juni, mwaka 1974, natangaza rasmi vita dhidi ya wanyonyaji wote wanaoishi kwa jasho la mnyonge!"

Wananchi waliohudhuria hotuba yangu walikuwa bibi yangu Chausiku, aliyekuwa akichagua mchele, na kuku mmoja aliyeufuata mchele huo. Wanyonyaji walikuwa wadudu weupe kama vipande vya pamba, waliojibana chini ya majani ya ua la bibi, kwenye kopo la maziwa dirishani sebuleni. Mnyonge alikuwa ua lenyewe: dogo, la zambarau, majani yana manyoya kama sikio la mwanambuzi.

"Hotuba nimeisikia, mume wangu," alisema bibi. "Sasa shika njiti."

Njiti ya kiberiti huzungushiwa pamba, huchovywa kwenye maji ya sabuni, kisha mdudu huguswa, mmoja mmoja, mpaka mgongo ukuume.

Ua hilo bibi alishuka nalo kutoka kwao Bungu, milimani, alipoolewa. Mama yake alilibandua mwambani akamkabidhi siku ya harusi, na kabla mwaka haujaisha akafariki. Bibi hana picha ya mama yake. Ana ua.

Siku ya Jumanne bibi alikwenda msibani Kang'ata kwa siku tatu. "Kila asubuhi, mume wangu. Usije ukaniulia."

"Mke wangu, unaongea na kidato cha tatu."

Bwenini tunaamini kwamba kazi ya siku tatu ikiwezekana kwa dakika tatu, kuikawiza ni hujuma. Nikaloweka kopo zima la ugoro wa bibi, nikalimwagia ua maji yake saa sita mchana, jua likiwa kali dirishani. Wadudu walikufa wote. Nilisherehekea mpaka alasiri, majani yalipoota mabaka ya kahawia. Jumatano yalilegea. Alhamisi shina lilikuwa laini kama uji.

Jirani yetu Rosa, binti wa mkata mkonge, alikuwa na ua la aina hiyo hiyo.

"Dada Rosa, linahitajika kwenye maonyesho ya kata."

"Kata ipi hiyo inayomtuma mtu asiye na viatu?"

Lakini alinipa. Nikalihamishia kwenye kopo la bibi, nikafuta udongo uliomwagika, nikakaa mkao wa mtu mwema mpaka bibi aliporudi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu." Hakuvua hata kanga ya safari. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akafunua majani kwa kidole. "Hakuna mdudu hata mmoja."

"Tumeshinda, mke wangu."

"Nimeona. Na jani nililolikata Jumanne nikampelekee mfiwa Mwaija huko msibani, limeshaota tena?"

 

Bibi hakunigombeza. Alisimama tu, kidole bado kipo chini ya jani, kama mtu aliyebisha hodi kwao akafunguliwa na mgeni.

Nikapiga magoti.

"Bibi, hilo ni la Rosa. La mama yako nimeliua mimi. Sikushika njiti hata siku moja. Nililimwagia maji ya ugoro, ugoro wako wote, na maonyesho niliyomdanganyia Rosa hayapo. Liko chini ya kitanda changu, nimelifunga kwenye shati la shule. Nilishindwa kulitupa."