Fundo la Tamiyo

Meli ilipotia nanga Tsubakiura saa mbili na nusu asubuhi, mabasi kumi na manne yalikuwa yamejipanga gatini, milango wazi. Abiria walishuka ngazi ya meli wakapanda ngazi ya basi, na mji wenyewe waliukanyaga hatua ishirini tu. Walipelekwa kuona ngome, mwendo wa saa moja na nusu. Kwenye ratiba ya meli bandari hiyo haikuwa na jina. Iliandikwa "Ngome".

Sugie alikuwa amewasha mkaa tangu alfajiri. Ndiye wa mwisho mtaani kwao anayechoma chikuwa, samaki wa kuponda anayeviringishwa kwenye kijiti cha mwanzi, na kila meli ilipokuja alichoma mia mbili na kurudi nyumbani na mia mbili. Safari hii alikwisha kumwambia dada yake Tamiyo kwamba zikibaki tena, anazima jiko na kwenda kuishi kwa mwanawe Osaka, ghorofa ya tisa. Tamiyo ana miaka sabini na minane, hana mume wala mtoto, na mdogo wake huyo ndiye mtu pekee anayekula naye. Aliposikia habari hiyo alisema, "Haya," akaenda kulia msalani.

Mabasi yalirudi saa tisa, yakashusha abiria na mifuko yao ya keki za ngome, yakaondoka. Ikabaki kuagana. Tsubakiura hawaachi meli iende kimya: wa juu hurusha tepe za karatasi za rangi, wa gatini hudaka ncha, na meli ikisogea tepe hukatika moja moja huku watu wakipungiana mikono.

Tamiyo alidaka utepe wa njano. Sasa, mtu aliyeshona nyavu miaka hamsini na miwili, vidole vyake vikikuta uzi na nguzo havimngoji mwenyewe. Mazoea yana taabu. Aliufunga kwenye nguzo ya chuma kwa fundo la wavu, mizunguko mitatu, kisha akapunga mkono kama wenzake.

Tepe zote zilikatika. Wa njano haukukatika. Meli ya ghorofa kumi na moja ilisogea mita thelathini, ikasimama. Injini ikaongezwa nguvu, maji yakachemka nyuma, utepe ukatoa mlio mwembamba kama wa mbu. Baharia alileta mkasi, kisha shoka. Shoka likapata pengo.

Bwana Orita wa ofisi ya bandari alikuja mbio na glavu zake nyeupe na daftari.

"Mama Tamiyo, si tulikubaliana? Utepe unashikwa, haufungwi."

"Mkono umejisahau, baba."

"Basi fungua."

"Si nafungua? Ila fundo la wavu haliendi kwa pupa, na macho yangu unayajua."

"Itachukua muda gani?"

Tamiyo aligeuka kulitazama jiko. "Zimebaki ngapi, Sugie?"

"Zote. Mbona unaniaibisha mbele za watu, dada?"

"Basi itachukua chikuwa mia mbili," Tamiyo akasema.

Bwana Orita aliandika hivyo, maana fomu ilikuwa na sehemu ya muda wa kuchelewa, akampigia simu nahodha. Meli ikarudi gatini, ngazi ikateremshwa.

Mabasi hayakuwepo, kwa hiyo watu walitembea. Waliliona hekalu dogo la wavuvi, wakapiga foleni kwa kinyozi, wakavua viatu na kuloweka miguu kwenye maji ya moto nyuma ya soko. Bibi mmoja, mwalimu mstaafu wa Saitama, alifuata moshi mpaka jikoni kwa Sugie.

"Kitu kitamu hivi kilikuwa wapi asubuhi?" akauliza, mdomo umejaa.

"Hapahapa, mama. Mlipita mmefunga mapazia."

"Pumbavu zetu! Niongeze mbili. Mzee wangu ana njaa tangu ngomeni."

Kila chikuwa ilipotoka jikoni, fundo lililegea unywele mmoja. Tamiyo alikaa kwenye kigoda kando ya nguzo, mikono mapajani, akimtazama mdogo wake akikosa hata nafasi ya kufuta jasho. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na siku hiyo alipona kweli.

Ya mia mbili Sugie alimpelekea Bwana Orita.

"Niko kazini," bwana huyo akasema.

"Kula, meli iondoke!"

Akavua glavu, akala. Fundo likafunguka lenyewe. Meli iliondoka jua likingali juu, utepe wa njano ukiburuzwa majini, na watu elfu mbili kwenye sitaha walikuwa wakiliita jina la mji, "Tsubakiura! Tsubakiura!", hadi walipopita mnara wa taa.

"Na Osaka?" Tamiyo aliuliza wakizoa majivu.

"Osaka kuna nini? Lifti."

Ratiba ya mwaka uliofuata ilifika majira ya baridi. Iliandikwa "Ngome", mabasi kumi na manne. Bwana Orita alibandika tangazo jipya gatini: Utepe unashikwa, haufungwi. Sugie alilisoma lote taratibu, akaenda kuagiza mkaa wa chikuwa mia tatu.