Swaumu ya Dija Baharini

Safari ile aliizua Dija mwenyewe, na ndiyo maana alishindwa kusema.

Tangu mwezi wa Rajabu, kutoka kwake Lugoba, alikuwa akiwapigia simu wenzake wawili: mwaka huu jungu tusilivunjie sebuleni kwa mtu. Ile karamu ya kuaga kula mchana, twendeni tukaile baharini, kwenye fungu la mchanga la Mwambakuni, tuvae miwani ya kuzamia, tutazame samaki. Mardhiya, mwenye duka la vitambaa Bagamoyo mjini, alicheka akakubali. Batuli, fundi cherehani na jirani yake Mardhiya, alisema, "Mkwere na bahari wapi na wapi? Wewe mambo yako mihogo." Lakini naye akakubali. Wanawake hawa watatu walijuana wodini, miaka kumi na tisa iliyopita, walipojifungua wiki moja katika vitanda vitatu vilivyofuatana, wakigawana uji na khanga. Tangu hapo hakuna aliyefiwa wala aliyeozesha bila wenzake wawili kuwa jikoni kwake.

Aliyemtia Dija hamu ya bahari alikuwa mwanawe Yunus, yule yule aliyezaliwa wiki ile. Kijana anasoma mambo ya uvuvi Mbegani, na kila Ijumaa humpigia mama yake simu. Siku moja alimwambia kwamba yuko samaki mdogo kama kidole ambaye kazi yake ni kuwasafisha meno samaki wakubwa. Mkubwa hufungua kinywa, mdogo huingia, huchokoachokoa, kisha hutoka, wala haliwi.

"Ehee," Dija aliitikia, kama mtu aliyewahi kuona. Kumbe moyoni anajiuliza: anaingiaje? Nani alimfundisha yule mkubwa asifunge mdomo? Swali hilo alilima nalo na kupalilia nalo mwezi mzima. Tena alijua asipokwenda sasa, itaingia Ramadhani, kisha masika, na mito ya Ruvu na Wami ikishamwaga matope yake, bahari ya huku huwa kama chai ya maziwa.

Siku ikapangwa, tarehe ishirini na tisa Shaabani. Jioni ya kuamkia safari, akiwa tayari yuko nyumbani kwa Mardhiya, anakunja baibui lake, Dija akakumbuka.

Alikuwa na deni la siku saba za Ramadhani iliyopita. Kila alipolipa moja alitia alama kwenye kalenda ya ukutani, na alama zilikuwa saba kamili. Lakini siku moja kati ya hizo ndiyo ile aliyokwenda Chalinze kununua mbegu. Alifunga vizuri, akarudi nyumbani, na saa kumi na moja jioni, jua bado liko juu, udhuru wa kike ukamjia. Swaumu ikaharibika. Alama alikuwa ameshaitia asubuhi, kabla hajatoka. Hilo ndilo kosa lake: aliiandika siku kabla haijaisha.

Na kesho jioni watu watautazama mwezi. Ukiandama, Ramadhani mpya itamkuta na deni la zamani. Basi alfajiri, wenzake wamelala, alinywa maji bilauri mbili, akala tende tatu, akanuia. Alijiambia hatasema. Amewasumbua watu miezi miwili waje kula naye, sasa awaambie hatakula? Na swaumu si kitu cha kutangaza.

Saa moja na nusu walikuwa ufukweni. Nahodha wao alikuwa Mzee Khamis, mtu wa maneno machache, macho yake yako kwenye maji siku zote.

"Shikamoo, Mzee Khamis."

"Marahaba, mama zangu. Leo maji ya bamvua. Yanatoka mbali, na yakirudi yanarudi kwa haraka. Saa tano na nusu nataka kila mtu awe ndani ya boti. Vaeni maboya."

Boti ikaondoka, injini ikiunguruma. Miguuni walikuwa wamezungukwa na vyombo: chano cha sambusa, birika la chai ya tangawizi, na bakuli kubwa la kioo lenye pilau, ambalo Mardhiya aliletewa na dada yake kutoka Maskati. Bakuli hilo halikuwahi kutoka nje ya nyumba, lakini Mardhiya alisema hawa si wageni, hawa ni wodi yake.

Fungu lilipotokea, Dija alisahau njaa. Mchanga mweupe ulikuwa umelala katikati ya bahari kama mgongo wa kitu kilicholala usingizi. Hakuna mti wala nyumba. Saa chache zijazo pasingekuwa na kitu, maji matupu. Aliinama akaugusa, akashangaa kuona una joto.

"Kila mtu ateme mate kwenye kioo cha miwani," Mzee Khamis aliwaelekeza. "Asugue, asuuze. Bila mate utaona ukungu tu. Kisha uma mrija kwa meno, pumua kwa mdomo. Maji kidogo yataingia, usiogope, utayatema."

Dija akatema mate. Yalitoka machache, mazito. Lakini lile neno "maji kidogo yataingia" ndilo lililomshika. Hakuwa amelifikiria. Yeye alidhani miwani ni miwani tu.

Batuli ndiye aliyetangulia. Aliingia, akalala juu ya maji, mrija umesimama, na kabla hujahesabu ishirini akainuka akikohoa kama pikipiki mbovu.

"Kuna nini?" Mardhiya alipiga kelele.

"Nimecheka ndani ya mrija! Yuko mmoja chini ananitazama kama mama mkwe!"

Wakacheka mpaka Mardhiya akakalia mchanga. Katika kucheka huko hawakuona wimbi dogo lililokuja likachukua kiatu chake kimoja. Walipogeuka, kiatu kilikuwa kinakwenda zake Unguja. Mzee Khamis alikikimbilia, maji yakamfika kifuani, akakirudisha bila kusema neno, akakiweka juu ya mkeka pamoja na mwenzake, ncha zikielekea upande mmoja. Dija aliliona hilo, akalipenda.

"Zamu yako, Mkwere," Batuli alisema, akimnyooshea mrija.

"Nyie endeleeni kwanza."

"Basi kula sambusa."

"Tumbo linanisokota kidogo."

Batuli aliacha mzaha palepale. Alimshika paji la uso, akamtazama ulimi, akamimina chai ya tangawizi, akampulizia. Dija alipokataa hata chai, Batuli akasimama.

"Nahodha! Tunarudi. Huyu mgonjwa."

"Sio mgonjwa sana," Dija alisema.

"Mtu wa Lugoba akikataa sambusa ni mgonjwa sana."

Mzee Khamis akaenda kwenye nanga. Na Mardhiya, ambaye hata hajatia unyayo majini, ambaye alifunga duka siku nzima kwa ajili ya safari hii, akavua miwani yake usoni, akaanza kufunika chano. Hakukunja uso wala hakusema "lo." Alifunika tu, kama mtu anayefunika chakula cha mwanawe aliyelala.

Dija alimwona, ikamchoma. Amefunga, na katika swaumu yake anasema uongo, na uongo huo unawanyima wenzake siku yao.

"Acheni nanga," alisema. "Tumbo halina kitu. Nimefunga."

Wakamtazama.

"Deni. Siku moja. Nimelikumbuka jana jioni."

Batuli alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. "Umetuita tuvunje jungu, na wewe jungu lako bado liko motoni!"

Kicheko kilichotoka hapo kilikuwa kirefu, lakini Dija aliona Batuli ndiye aliyetangulia kuacha kucheka. Aligeukia bahari, akajifanya anakamua nguo.

"Ungeniambia," Mardhiya alisema polepole. "Bilauri niliikuta imelowa alfajiri. Nikajiuliza nani amekunywa maji mapema hivyo. Na samaki wako je?"

"Nitawatazama kwa macho yenu. Mrija unaingiza maji."

Mardhiya alifikiri. Kisha akalichukua bakuli lake la kioo, akaimimina pilau yote juu ya chano, akaenda kuliosha kwa maji ya chumvi na mchanga, akalikausha kwa ncha ya mtandio wake. Akalishusha juu ya maji yaliyomfika magotini, akaangalia ndani.

"Njoo," alisema. "Njoo uone dirisha."

Dija alikwenda. Alipoinama juu ya bakuli, kumeremeta kote kwa maji kulitoweka, na chini kukawa wazi kama sakafu ya nyumba. Kaa mdogo alikuwa anabeba gamba la konokono mgongoni kama mtu anayehama. Nyasi zilikuwa zinalala upande mmoja, kisha zote pamoja zinaamka na kulala upande wa pili. Samaki wa mistari ya manjano walipita kati ya miguu yake mwenyewe, na miguu yake ilionekana mikubwa, ya mtu mwingine.

"Na wale wanaosafishwa meno?" aliuliza.

"Hao wako mwambani," Mzee Khamis alijibu. "Pale penye maji meusi. Kina chake kinampita mtu."

Akaona uso wa Dija, akakuna kidevu, akatazama maji yanavyokwenda. "Pandeni. Nitawapeleka juu yake. Lakini utatazama ukiwa ndani ya boti. Usitoe kifua nje ya ukingo."

Juu ya mwamba, Dija alipiga magoti, akashusha bakuli kwa mikono miwili. Batuli alilishika boya lake kwa nyuma. Chini kulikuwa na miamba ya rangi ya zambarau na ya kutu. Alisubiri. Jua lilimpiga mgongoni, ulimi umekauka kama kipande cha kitambaa. Akasubiri tena. Halafu chewa mkubwa, mnene kama mto wa kulalia, akatoka pangoni, akasimama palepale majini. Akafungua kinywa.

Na yule mdogo akaja. Wa buluu, ana mstari mweusi, anacheza kama mtu anayebisha hodi. Akagusa mdomo wa chewa huku na huku. Akaingia.

"Ameingia!" Dija alinong'ona, asije akawatisha. "Ameingia mzima!"

"Yuko wapi? Nami nione!" Batuli alisema, akasogea. Mardhiya akasogea. Dija, ili amwone atakavyotoka, akainama zaidi, kifua kikapita ukingo. Boti ikalala ubavu, na Dija akaenda majini na bakuli la Maskati.

Boya lilimrudisha juu upesi. Walimvuta kwa mikono sita. Alipokaa ndani ya boti, mashavu yake yalikuwa yamevimba kama ya mpiga tarumbeta, na macho yamemtoka. Akageuka, akatema bahari yote nje.

Hakuna aliyemuuliza kama ameumia. Batuli aliuliza, "Yamepita?"

Dija alilisikiliza koo lake. Kulikuwa na chumvi mdomoni, hilo si neno. Lakini kulikuwa na chumvi chini zaidi, pale ambapo mtu hawezi kutema.

"Kuanguka si kunywa," alisema Mzee Khamis. "Hukukusudia."

"Kuanguka sikukusudia. Kuinama niliinama mwenyewe, na wewe ulishanikataza."

Mzee akavua shati, akazama. Alirudi mara ya tatu, akiwa na bakuli mkononi, limemeguka kipande cha ukingo. Mardhiya alilipokea kwa mikono miwili. "Ahsante, mzee. Maadamu mtu ametoka, bakuli ni bakuli."

Dija aliamua kuimaliza siku yake kama mwenye swaumu, na kuilipa tena. Lakini angeilipa lini? Kama mwezi utaandama leo, siku zimekwisha. Waliporudi kwenye fungu, wenzake walikula kabla ya maji kurudi, kwa sababu aliwaapia kwamba hatawasamehe wasipokula. Batuli alikula amempa mgongo. Mardhiya alikula kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameshika mwavuli juu ya kichwa cha Dija.

Jioni, Bagamoyo nzima ilikuwa inatazama magharibi, na watoto barazani wanapiga kelele, "Ule! Ule pale!" wakionyeshana mawingu. Dija alikuwa dirishani kwa Mardhiya. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliomba mwezi usionekane. Aliona aibu kuomba hivyo, kisha akaomba tena.

Adhana ya magharibi ilipotoka, alifungua kwa tende na maji baridi. Wakaswali, wakakaa mkekani na redio. Taarifa ilichelewa.

Mwishowe redio ikasema: mwezi haujaonekana popote, kesho ni tarehe thelathini Shaabani.

Dija aliweka mikono usoni. "Alhamdulillahi. Nimepewa siku. Kesho nafunga."

"Tunafunga," Batuli alisema.

"Nani na nani?"

"Mimi na wewe." Alikuwa anachezea uzi wa mkeka. "Ninazo mbili. Mimi sikusahau, Dija. Nilikuwa naahirisha tu, kila wiki nasema wiki ijayo. Wewe umeanguka baharini na bado unalihesabu tone. Mimi nimekula pilau sahani mbili mbele yako."

Dija alisogea, akaushika ule mkono unaofumua mkeka.

"Mbili? Moja utailipa kesho. Ya pili, mpe maskini kibaba chako cha nafaka kwa ajili ya kuchelewa, uilipe baada ya Idi. Mimi nitakuwa nafunga zile siku sita za sunna za Shawali. Njoo Lugoba tufunge wote."

"Lugoba?"

"Kwetu hakuna kitu cha kuchungulia. Mihogo tu."

Batuli akatoa kicheko kidogo, chenye machozi ndani yake. "Na yule mdogo," aliuliza, "alitoka kinywani?"

"Sikumwona kutoka. Nilikuwa naanguka."

"Basi hujui."

"Sijui. Nitarudi kutazama."

Wakageuka kumuuliza Mardhiya anaonaje, lakini nafasi yake ilikuwa tupu. Alishaingia jikoni, wakamsikia anapima mchele wa daku, kibaba kimoja, kisha cha pili.