Dhamana ya Mudathiri

Violet alihamishiwa Newala akitokea Tabora, akawa katibu wa kituo cha afya kilichoko njia ya kwenda Kitangari. Jambo la kwanza alilojifunza hapo ni kwamba luku ya kituo, umeme wa kulipia kabla, haimalizi mwezi. Ikifika tarehe ishirini, alizunguka mwenyewe akizima taa za stoo, za kibarazani, za dirisha la dawa. Hita ya maji ya wodi ya wazazi ilikwisha kuzimwa kabisa. Akina mama waliokuja kujifungua walijua waje na tochi, na chupa ya chai iliyojaa maji ya moto.

Mwaka wake wa pili, akaja fundi umeme kutoka Masasi na begi la vipimo. Aliitwa Mudathiri, mwenye kampuni ndogo ya watu wanne. Alikaa wiki mbili akipima taa moja moja na friji moja moja, kisha akaomba kuonana na kamati ya kituo.

"Nitabadilisha taa zote, friji za chanjo na pampu ya maji," alisema. "Juu ya wodi ya wazazi nitaweka hita za jua. Hamtatoa hata senti. Kila miezi mitatu tutapima umeme mliookoa. Sehemu kubwa ya hela hiyo mtanilipa mimi, ndogo itabaki kwenu. Miaka sita ikiisha, yote yenu."

Mwenyekiti wa kamati, mzee Benedikto, mkulima wa korosho wa Chilangala, alimuuliza:

"Na tusipookoa?"

"Naahidi theluthi ya matumizi yenu. Ikipungua hapo, pengo nalijaza mimi."

"Kwa mdomo au kwa maandishi?"

"Kwa maandishi, baba. Tena aandike mwanasheria wa halmashauri, siyo mimi."

Mkataba ulichukua miezi mitano kupitishwa. Violet ndiye aliyebeba faili kutoka meza hadi meza, na wapo walionong'ona kwamba katibu amekula rushwa ya fundi. Aliyasikia, akaendelea. Juni Mudathiri alileta vifaa kwa kirikuu chake, kigari kidogo cha mizigo, safari nne, na kufikia Julai kazi ilikuwa imekwisha. Usiku wa kwanza wodi ya wazazi iliwaka taa mpaka asubuhi bila mtu kuzunguka kuzima.

Oktoba wakapima. Walichookoa kilikuwa asilimia kumi na moja.

Violet alikuwa ameusoma mkataba mara nyingi, akajua kulikuwa na kifungu cha kumwokoa fundi: matumizi ya kituo yakiongezeka, ahadi inapunguzwa. Na yalikuwa yameongezeka kweli. Taa zilizokuwa zinazimwa sasa zilikuwa zinawaka, na wazazi walikuwa wengi kuliko zamani. Alimwona Mudathiri akiufungua mkataba kwenye ukurasa ule ule, akausoma, akaufunga.

"Nilijua taa za wodi zitawaka," alisema. "Ndizo zilizonileta. Nitalipa."

Baada ya wiki mbili alirudi kwa basi, akaweka risiti ya benki mezani kwa Violet.

"Kirikuu kiko wapi?"

"Nimekiuza, dada."

Mama Shamila, mfuaji wa kituo, alikuwa amesimama mlangoni na shuka mikononi, akiwa amesikia yote. Aliondoka bila kuziweka. Mchana alirudi akawakuta Violet na Mudathiri wakiikagua mita.

"Shikamoo, mama," Mudathiri alimsalimu.

"Marahaba, mwanangu. Njoo nikuoneshe kitu. Na wewe Mama Arthur, njoo," alimwambia Violet.

Aliwapeleka nyuma ya chumba cha kufulia. Kiangazi kilikuwa kimekausha nyasi zote za kituo, na huko Mnyambe watu walikuwa wananunua maji kwa ndoo. Lakini pale palikuwa na matembele mabichi, yametambaa mpaka kwenye uzio.

"Nani anayamwagilia?" aliuliza Violet.

"Hakuna. Yalianza kustawi mlipofunga pampu mpya. Nilijua maji yanatoka mahali, nikanyamaza. Nauza mafungu kumi kwa siku, nina mjukuu sekondari." Mama Shamila aliyaangalia matembele. "Leo nimeona mtu anauza gari yake, analipa bila kubisha. Nikajiona mwizi."

Mudathiri aliomba jembe. Hakuchimba hata futi mbili akafika kwenye tope, na chini ya tope lilikuwepo bomba la chuma linalopeleka maji kwenye tangi, limeliwa na kutu. Nguvu ya pampu mpya ilikuwa imelipasua. Pampu iliyotakiwa kufanya kazi saa tatu kwa siku ilikuwa inafanya saa kumi na moja, na maji mengi yaliishia ardhini.

Alikaa kwenye ukingo wa shimo, miguu kwenye tope. "Nilipima kila kitu kilichokuwa juu ya ardhi," alisema taratibu. "Kosa langu hili."

Walibadilisha bomba kwa siku mbili, kwa hela ya Mudathiri. Violet hakumwandikia barua ya onyo Mama Shamila. Alimwambia tu, "Ungesema, mama," na mama akalia. Kabla ya kuondoka, Mudathiri alichimba mfereji mdogo kutoka kwenye karo za kusuuzia nguo mpaka kwenye matembele, bila kuombwa na mtu.

Miezi mitatu iliyofuata waliokoa asilimia thelathini na sita. Mzee Benedikto alidai hesabu irudiwe mbele yake, ikarudiwa, ikatoka vile vile. Kwa fungu la kituo walinunua kitanda kipya cha kujifungulia.

Mwezi wa tano Mudathiri alimpigia Violet simu. Shule moja ya sekondari Masasi ilitaka mkataba kama wa kituo, lakini hakuwa na mtaji, na benki ilitaka kumsikia mtu aliyefanya naye kazi. Violet aliomba ruhusa akateremka Masasi.

Ofisa wa mikopo aliuliza swali moja tu la maana. "Amewahi kushindwa?"

Mudathiri aliinamisha kichwa.

"Ndiyo," Violet alijibu. "Miezi mitatu ya kwanza alishindwa."

"Akafanyaje?"

"Alitulipa kama alivyoandika. Halafu kosa lilipoonekana, alikiri ni lake, akalirekebisha kwa hela yake."

Ofisa aliandika kwa muda mrefu, akasema watajibiwa. Wiki tatu zilipita. Violet alikuwa wodini akihesabu vyandarua simu ilipoita.

"Wamekubali nusu," alisema Mudathiri.

"Nusu inakutosha nini?"

"Bweni la wasichana na jiko. Madarasa yatasubiri."

"Basi anza na bweni," Violet alisema. "Na safari hii, fukua mabomba kwanza."

Mudathiri alicheka mpaka Violet akaisogeza simu mbali na sikio. Kisha akamwambia mafundi wake walikwisha kuanza kuchimba tangu asubuhi.