Mama Kevin Nani?

Mimi sipendi foleni. Lakini Nasike, binti yangu mdogo, alikuwa amelia wiki nzima akishika sikio, na usaha ulikuwa umeanza kutoka, kwa hivyo asubuhi hiyo nilimfunga mgongoni nikatoka kwangu Kabiro hata chai sijanywa. Daktari wa masikio alikuwa anakuja kwenye zahanati yetu ya Kawangware mara moja kwa mwezi, na ikifika saa sita anafunga begi lake anaenda. Ukimkosa, ngoja mwezi mwingine. Nani angeweza kumsikiliza yule mtoto akilia hivyo mwezi mzima?

Pale mapokezi nilimpata Musyoka, kijana wa Kitui aliyesomea kompyuta kule mtaa wa Olympic, amevaa tai na anajiona sana. Zamani alikuwa anaita watu kwa mdomo tu. Sasa mezani kulikuwa na skrini kubwa, imegeuzwa ituangalie sisi wagonjwa.

"Niaje, mathe," akasema.

"Mathe ni mamako. Mimi naitwa Mama Kevin."

Akacheka, akagonga kibodi, na haki ya Mungu, kijisanduku kikatokea kwenye skrini chini ya vingine, kimeandikwa MAMA KEVIN. Sitadanganya, nilifurahi. Sijawahi kuonekana kwenye kitu kinachofanana na televisheni.

Musyoka hakungoja kuulizwa. "Mwanzoni nilikuwa nimechora visanduku kumi, basi," akasema. "Wakija watu wanne, vingine vinabaki wazi vinatukodolea macho. Wakija ishirini, nusu yao hawana mahali. Sasa sichori chochote mapema. Mtu akifika, programu inamtengenezea chake hapo hapo. Akiingia kwa daktari nakibonyeza, kinaondolewa, wale wa chini wanapanda. Hakuna pengo."

"Kama viti kwangu," nikamwambia. "Mgeni akija naazima kwa jirani, akienda narudisha."

"Hapo sasa! Umeelewa kuliko mwalimu wangu."

Nikakaa kwenye benchi nikaangalia kisanduku changu tu kikipanda, vingine sikuvisoma. Kando yangu alikaa mwanamke mmoja anaitwa Jentrix, ametoka mtaa wa Lindi, si mbali na hapa, na kijana wake. Nikamwambia mimi nimelelewa huko huko Lindi kabla ya kuolewa, na tukaanza kusengenya watu tunaowajua wote wawili, mpaka nikasahau njaa. Nasike alilala kidogo, akaamka, akaanza kulia tena.

"Mama Kevin!" Musyoka akaita.

Nikasimama. Jentrix naye akasimama. Na kule nyuma, mama mmoja Mkamba mwenye leso ya njano akasimama pia.

"Mama Kevin nani?" tukauliza wote pamoja.

"Yule wa kwanza," Musyoka akasema, macho kwenye kibodi. Jentrix ndiye aliyetangulia kufika, kwa hivyo akaingia. Musyoka akabonyeza. Visanduku vitatu vikapotea kwa mpigo. Foleni nzima ikabaki na kisanduku kimoja, BABA WAMUYU.

"Wee Musyoka! Mimi niko wapi?"

"Si uko hapo umesimama, mathe."

"Kwa skrini! Nimeenda wapi?"

Akaangalia, na lile tabasamu likamtoka. Akanong'ona kama mtu aliyevunja chungu cha wenyewe. "Nimeiambia iondoe kisanduku chenye jina Mama Kevin. Imeondoa kila chenye jina hilo."

"Na nani alikwambia Kawangware ina Mama Kevin mmoja? Nilipozaa Pumwani, wodi nzima ilikuwa ya akina Kevin! Nesi akiita Kevin, wanalia sita!"

Watu wakacheka, lakini mimi sikuwa nacheka. Baba Wamuyu alikuwa amefika mwisho kabisa, mkate bado mkononi, na sasa alikuwa amejisogeza mpaka mlangoni. "Skrini inasema nimebaki mimi tu," akasema. "Mimi sibishani na kompyuta."

"Musyoka, turudishe."

"Kisanduku kikishaondolewa hakiachi alama. Hata sijui nani alikuwa juu ya nani."

Hapo daktari akachungulia mlangoni. "Nikimaliza na huyu, nina nafasi ya wawili tu," akasema, akafunga. Tulikuwa watatu. Nasike alikuwa anajigonga kichwa kwenye bega langu kwa maumivu, na machozi yakanitoka hapo hapo mbele ya watu. Sikuona aibu. Nilikuwa nimekasirika kabisa.

Yule Mkamba akaja mbele. "Huyu alikuwa mbele yangu," akasema, "na mimi nilikuwa mbele ya huyu baba. Macho yangu hayajaondolewa na mtu." Nesi akamwangalia Baba Wamuyu, akamwambia sikio lake lina nta tu, atamtilia dawa yeye mwenyewe, na baba akaenda akinung'unika.

"Tupeane namba basi," mtu akasema kutoka kwa benchi.

"Namba? Mimi si gunia la mahindi!" nikamjibu.

"Hapana," Musyoka akasema. "Nataka majina yenu. Si ya watoto. Yako wewe, mathe, ni nani?"

Nikafungua mdomo. "Mama..." nikaanza. Tangu mama yangu Musimbi azikwe, hakuna mtu aliyewahi kuniita jina langu mwenyewe. Mukhwana, mume wangu, ananiita Mama Kevin hata taa ikizimwa.

"Nabalayo," nikasema, kwa sauti ndogo.

Akagonga kibodi. Kisanduku kikazaliwa juu kabisa, NABALAYO, na chini yake WANZA, kumbe ndilo jina la yule Mkamba. Nikaenda bombani nje ya mlango kumpoza Nasike uso.

"Nabalayo!" nikasikia ikiitwa ndani. Nikaendelea kumnawisha mtoto. "Nabalayo! Daktari anangoja!"

Nikapiga mdomo nkt! "Huyu Nabalayo naye," nikamwambia mtu wa hapo nje, "si aende? Watu wana wagonjwa!"

"Kama hayuko namwondoa," Musyoka akasema. "Wanza, ingia wewe."

Wanza angeweza kuingia tu. Badala yake alitoka nje mbio, akanishika mkono. "Mama, si Nabalayo ni wewe?"

Uwii! Nilikimbia na mtoto uso ukidondosha maji, nikipiga kelele, "Ni mimi! Usiniondoe, ni mimi!" Zahanati nzima ilicheka mpaka Musyoka akalaza kichwa kwenye kibodi.

Daktari alimulika sikio, akaingiza kikoleo chembamba, akatoa punje ya mahindi, ya githeri ninayopika nyumbani. Akasafisha, akatia dawa. Nasike alinyamaza, akashangaa kunyamaza kwake mwenyewe, kisha akaniomba maandazi.

Tulipotoka, Wanza akaingia. Kisanduku changu kilikuwa bado kiko kwenye skrini.

"Kicheko kilinisahaulisha kukitoa," Musyoka akasema. "Nikibonyeze?"

"Kiache kidogo," nikamwambia. Nikasimama nikakisoma mara nyingine, herufi kwa herufi. Halafu nikamwambia abonyeze, na akabonyeza.

Jioni Mukhwana akarudi kutoka kazi ya mjengo, akanawa mikono, akakata ugali. "Mama Kevin," akasema, "daktari alisemaje?"

Nikaendelea kumlisha Nasike.

"Mama Kevin, si naongea na wewe?"

"Mama Kevin nani?" nikamuuliza. "Wako wengi."

Akanitazama, tonge mkononi, nikaogopa kwamba amelisahau jina langu.

"Nabalayo," akasema polepole. "Mtoto yuko aje?"

"Amepona," nikamwambia, na nikamwongezea mboga.